Chura Niliyemwandika Hai

Usiku ule sikuwa na homa, wala sikuwa nimeonja kitu chochote kikali. Naanza na hilo kwa sababu nawajua watu wa kwetu. Ukisema umemwona marehemu, wa kwanza atakuuliza ulikunywa nini, na wa pili atakuuliza umemkosea nini. Huyo wa pili, kwa upande wangu, angekuwa na haki ya kuuliza.

Kazi yangu ni kuhesabu vyura kwa masikio. Watu hucheka nikiwaambia, nami nimezoea. Kuna kijito kinachoshuka kwenye msitu wetu huku Usambara, na kila mwezi nakipanda giza linapoingia, nikiwa na fomu ya watafiti. Fomu ina majina ya vyura kumi na mmoja, kila jina na kisanduku chake. Nikimsikia nampigia tiki, nisipomsikia naacha wazi. Aliyenifundisha ni Mzee Hoza. Alikuwa na masikio ya ajabu yule mzee. Aliweza kusimama karibu na maporomoko, maji yanapiga kelele, akakuonyesha kwa kidole jani ambalo chura amekaa chini yake. Alifariki miaka minne iliyopita, na kaburi lake tulilichimba mimi na wanawe.

Sasa, yuko chura mmoja ambaye jina lake ndilo la kwanza kwenye fomu. Ni mdogo, hafiki ukucha wa kidole gumba, na sauti yake ni ya mtu anayegonga kijiko kwenye glasi. Mzee alimwita Kigongagonga. Alikuwa kila mahali, mwaka mzima, mpaka unaacha kumsikia, kama saa ya ukutani nyumbani kwako. Kwa hiyo Mzee alinipa njia ya mkato. "Huyu mwandike mezani kabla hujatoka," aliniambia. "Karatasi ikishalowa itakusumbua bure." Nami nikawa nampigia tiki nyumbani, chai iko mkononi, kisha naenda kuwasikiliza wale kumi wengine.

Fomu zilikuwa mezani usiku ule, zimepangwa vizuri, zinamsubiri Daktari Rehema, mtafiti wetu, aliyekuwa aje asubuhi kuzichukua. Miaka hii ukungu unaondoka msituni mapema mno, na kijito kinakauka miezi ambayo zamani hukukanyaga bila buti. Daktari alitaka kujua ni nani anavumilia joto hili na nani halivumilii. Wasiovumilia wangekamatwa wachache na kufugwa kwenye nyumba maalumu ya vioo, wazaliane, wasije wakapotea kabisa. Orodha ya wa kukamatwa ilikuwa inafungwa kesho yake, na Kigongagonga hakuwemo. Kwa fomu zangu huyo alikuwa shujaa. Daktari alishaniambia kwamba atamtolea mfano kwenye ripoti. Nikalala nikijiona mtu wa maana.

Nikajikuta kijitoni, mchana kweupe, jua la utosi. Mzee Hoza yuko mbele yangu. Amevaa lile koti lake la mvua la kijani lililochanika kwapani, na tochi ya kichwani inawaka ingawa jua ni kali. Sikushangaa kwamba mtu aliyekufa amesimama pale. Nilichoshangaa ni kwamba haongei, maana Mzee alikuwa msemaji.

"Shikamoo, Mzee."

Akageuka, akaanza kupanda, na mimi namfuata. Mawe tunayokanyaga ni makavu, na yale majani laini yaliyokuwa yakiyafunika, ambamo Kigongagonga hutaga mayai, yamekuwa ya kahawia na yanavunjika chini ya viatu. Tunafika mahali ninapojua kuna kidimbwi cha kufika magotini, tunakuta vumbi. Nataka kumwambia kwamba kwa joto hili hatutamsikia mtu. Kabla sijasema ananiwekea kidole mdomoni, na kidole chenyewe ni cha baridi mno.

Kisha hatupandi tena. Tuko uani kwake, sijui tumefikaje. Mkeka umetandikwa, birika la chai liko katikati, na hapo ndipo nikawasikia. Ti, ti, ti. Kijiko kwenye glasi, halafu vijiko mia, halafu sijui vingapi. Wako kwenye mkeka, wako kwenye mdomo wa birika, wamejipanga mabegani kwa Mzee. Mmoja amekaa juu ya kioo cha tochi na mwanga unapita mwilini mwake, nauona moyo wake ukidunda. Nikacheka kwa sauti. Nilifurahi, jamani, nilifurahi mpaka nikapiga makofi.

"Mzee, kumbe wako wengi hivi! Daktari akiwaona hawa..."

"Daudi," Mzee akasema. "Tazama juu."

Nikatazama. Hakuna mbingu. Juu yetu ni mizizi, minene na myembamba, inaning'inia, na katikati ya mizizi ni udongo mwekundu, udongo uleule niliomfukia nao kwa koleo siku tuliyomzika.

Nataka kukimbia, miguu inakataa. Nataka kupiga kelele, ulimi umeganda. Na wale vyura wanaendelea tu, ti, ti, ti, wazima kabisa, wanene, wana furaha yao.

"Hawa wako kwetu," Mzee anasema, polepole. "Wamehamia wote. Mbona wewe bado unawaandika huko juu?"

Nikakasirika. Nasema ukweli wangu, nilikasirika katikati ya hofu ile, maana ndivyo nilivyo, nikibanwa huwa nageuka mkali. Nikamwambia, "Mzee, si wewe uliyenifundisha kumwandika mezani?"

Vyura wote wakanyamaza mara moja. Mzee akainamisha kichwa. Nilifanya naye kazi miaka mingi, nimemwona akicheka, akigombana, akiumwa, lakini kumwona akiona aibu ilikuwa mara ya kwanza, na iliniuma kuliko kitu chochote katika ndoto ile.

"Nilikufundisha wakati yupo," akasema. "Nenda kamwambie yule binti mtafiti. Na jina langu ulitaje."

Akanyoosha mkono, akazima tochi.

Nilipiga ukelele mpaka mke wangu akaruka kitandani. "Baba Zawadi! Una nini?"

Nikamwambia anyamaze kwanza, asikilize. Nyumba yetu imepakana na msitu, na dirisha lilikuwa wazi. Natega masikio ninayojisifia kila siku. Nasikia nyenje, nasikia mbwa wa jirani, basi.

"Unasikia kijiko?" nikamuuliza.

"Kijiko gani usiku huu? Unanitisha."

"Yule chura, Mama Zawadi. Yule wa glasi."

"Ah, yule? Yule mbona kelele zake ziliisha siku nyingi," akasema. "Mimi nilidhani unajua. Si ndiyo kazi yako?"

Nikasimama, nikawasha taa, nikaenda mezani. Msituni tunaandika kwa penseli, kwa kuwa kalamu ya wino haiandiki kwenye karatasi yenye unyevu. Nikaangalia fomu ya juu. Vyura kumi wamejazwa kwa penseli, tiki zimepinda, zina matope na alama za vidole vyangu. Kigongagonga ana tiki ya wino wa bluu, safi, imenyooka. Nikafunua ya chini yake, vilevile. Nikavuta sanduku la bati uvunguni ninakotunza fomu za nyuma Daktari akishazinakili, nikazimwaga zote sakafuni. Bluu, bluu, bluu, mwezi baada ya mwezi. Moja ilikuwa na duara la kikombe cha chai palepale kwenye jina lake. Mimi sikumbuki kulia, lakini Mama Zawadi anasema nililia mpaka akafunga dirisha majirani wasisikie.

Kulipoanza kupambazuka nikampigia simu Daktari Rehema. Nikamweleza yote, njia ya mkato, meza, wino, na jina la Mzee Hoza nikalitaja kama alivyotaka. Hata ndoto nilimsimulia, liwalo na liwe. Nilikuwa nimejiandaa kusikia kwamba kazi sina. Hakunigombeza. Ningeshukuru kama angenigombeza.

"Orodha naweza kuibadilisha, kaka Daudi," akasema. "Lakini wa kumkamata nitampata wapi?"

Nikaokota fomu moja, nikairudisha chini.

"Basi nisaidie jambo moja," akaendelea. "Nikijua ametoweka lini, nitajua ni ukame upi ulimwondoa, niwahi walio kama yeye kabla hawajamfuata. Mara ya mwisho kumsikia kwa masikio yako mwenyewe ilikuwa lini?"

Nikafumba macho. Nikarudi nyuma jioni moja baada ya nyingine, kijito chote, jiwe kwa jiwe. Nikawasikia wale kumi, kila mmoja kwa sauti yake, mahali pake. Yeye sikumsikia popote, wala kimya chake sikukisikia.

"Sijui, Daktari."

"Hata mwaka tu, kaka."

Fomu za miaka tisa zilikuwa zimetapakaa miguuni pangu.

"Sijui," nikamwambia.