Nilivyofungua moteri ya kamyo yetu wakati wa uasi, na jinsi ilivyowaka tena

Wakuu, amani kwenu nyote.

Nimeona hapa vijana wanabishana kama gari ya zamani ni mali au ni mzigo. Minye nimeshapita miaka themanini, naandika polepole, mnivumilie. Haya sikusimuliwa, niliyafanya kwa mikono yangu.

Uhuru ulitukuta Uvira, hapa Mulongwe, nikiwa nimeolewa karibuni. Mume wangu alikuwa shoferi wa Mgiriki mmoja mwenye duka. Yule Mgiriki alipoamua kurudi kwao, alimwachia kamyo yake, lori kuukuu, kwa bei ya urafiki.

Hiyo kamyo, jamani.

Mlango wa upande wangu ulifungwa na kamba. Radieta ilivuja, tukawa tunatembea na bidoni la maji. Kila tukienda Sange kuchukua mpunga, lazima tusimame njiani. Yeye anaingia chini, minye nampa spana. Hakukusudia kunifundisha, alichoka tu kutoka chini kila mara kutafuta kifaa. Ndivyo nilivyoijua ile moteri.

Kisha, miaka minne baada ya uhuru, uasi ukafika. Wapiganaji walikuwa wanachukua magari pamoja na mashoferi wake. Jirani yetu mmoja alienda na gari yake kuelekea Fizi, hakurudi.

Mume wangu akapitia bonde la Ruzizi, akavukia Burundi. Minye nilibaki kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa, hawezi kutembea. Kabla ya kuondoka aliniambia wakija niwaachie kamyo, uhai ni bora.

Lakini asubuhi yake nikachukua spana.

Nilitoa karibureta. Nikatoa delko, ile inayogawa moto kwa buji, yaani plagi. Bila delko gari haiwaki hata uisukume mpaka kesho. Nyaya za buji nilizifunga vitambaa vyenye mafundo, fundo moja, mawili, matatu, nisisahau upi unakaa wapi. Vyote nikavifunga ndani ya kitenge, nikaviweka chini ya mkeka wa mama mkwe, naye akalala juu yake. Alilalamika vinamchoma mbavu, lakini alikataa nivitoe.

Wapiganaji walikuja mchana. Mkubwa wao aliuliza mwenye gari yuko wapi. Nikasema amesafiri, na gari imeharibika. Hakuniamini. Akamwita mwenzao mmoja, akasema huyu ni fundi, ataiangalia.

Nikamtambua. Kabla ya vita alikuwa anafanya kazi kwenye garaje moja ya mtaa wa Kimanga, hapahapa Uvira. Aliwahi kutuzibia ile radieta.

Akafungua boneti. Akaangalia mahali pa delko, palikuwa patupu. Kisha akaangalia mikono yangu. Nilikuwa nimenawa, ila mafuta meusi yalibaki chini ya kucha.

Ndani mama mkwe akakohoa.

"Hii iko mufu," akamwambia mkubwa wake. "Moteri ilikufa zamani. Tutapoteza siku bure."

Walichukua betri, wakachukua na mbuzi wetu, wakaanza kuondoka. Yule fundi alibaki nyuma kidogo akifunga boneti. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, nawa tena mikono. Sugua na mchanga."

Sikumwona tena. Namwombea mpaka leo, popote alipo.

Vita ilipopoa, mume wangu akarudi. Aliikuta kamyo palepale alipoiacha. Akakaa chini kwenye vumbi akacheka, halafu akalia.

Tulipopata betri nyingine, alitaka kufunga vifaa mwenyewe. Nilimwambia kuhusu mafundo, akasema anaijua gari yake. Sawa. Akaunganisha nyaya, akaizungusha kwa mkono wa chuma kule mbele. Ikapiga kama bunduki, majirani wote wakakimbilia ndani.

Nikamwambia, "Baba, sogea."

Akasogea. Nikapanga nyaya kwa kufuata mafundo yangu. Akazungusha tena. Ikakohoa, ikatoa moshi, ikawaka. Mama mkwe alitoka nje na fimbo yake kuja kuisikiliza.

Safari ya kwanza ya Sange alinipa usukani. Barabara ilikuwa mashimo matupu. Niliendesha taratibu, wanawake kwenye mashamba ya mpunga wanasimama kutuangalia. Nikageuka nimwonyeshe watu wanavyotupungia mikono, nikakuta amelala, kichwa kimeegemea dirisha.

Ni mtu ambaye hakuwahi kusinzia kwenye gari inayoendeshwa na mwingine. Sikumwamsha mpaka sokoni.

Wakuu, nililojifunza ni hili. Gari kuukuu ni mzigo kwa asiyeijua. Weye unayeinunua leo, usimwachie fundi peke yake, ifungue uone ndani. Na mwenzako wa nyumbani naye aione.

Wenye gari za zamani, mko wapi? Niambieni, nani kwenu anajua kuiwasha yenu siku ninyi hampo?