Samli Juu ya Kimondo

Nakumbuka siku ile kwa sauti yake, mwanangu. Mngurumo mrefu ulipita juu ya kijiji chetu cha Sepuka, mbingu haina wingu hata moja, kisha kishindo kidogo shambani kwetu, kama mtu aliyetua gunia la mtama. Ndipo tukaliona: jiwe jeusi kama mkaa, kubwa kiasi cha ngumi mbili, limejichimbia mchangani.

Mama mkwe wangu aliliokota kwa mikono miwili akalipaka samli. Kwake, kilichotoka juu ni mgeni, na mgeni wa namna hiyo hupakwa mafuta. Sikumzuia. Nilikuwa mkamwana mpya katika kijiji kipya cha ujamaa, tope la kuta halijakauka vizuri.

Baadaye akaja mtaalamu wa miamba kutoka Dodoma, kijana mpole aliyemwamkia mama shikamoo kabla hajatua mkoba. Alitueleza kwamba mawe kama lile yana umri mkubwa kuliko dunia yenyewe. Ndani ya punje za madini yake vimenaswa vitu vichache mno, kama chembe ya chumvi katika pipa la maji, na kupitia vitu hivyo vichache wataalamu husoma jinsi jua na dunia vilivyoanza. Kisha akauliza kama kuna chochote kilicholigusa.

Nikawaza mama mkwe ataitwa mshamba kijiji kizima. Nikajibu haraka kwamba hakuna.

Mama akanitazama, akaniambia kwa Kinyaturu nisimdanganye mgeni nyumbani kwake. Akamgeukia kijana. "Nimelipaka samli, baba. Ya ng'ombe wangu mwenyewe. Kama nimeliharibu, niambie."

Kijana akalimega pembeni, akachungulia ndani kwa lenzi yake. Kisha akashusha pumzi.

"Imeishia juu juu, bibi. Ndani ni safi. Lakini usingesema, ningewaandikia wenzangu kwamba mbinguni kuna ng'ombe."

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Nami nikacheka. Kijana akaomba samli kidogo kwenye chupa, akaipime kando na jiwe, ajue kipi chetu na kipi cha jiwe.

Nawe, mwanangu, utakapoulizwa kuhusu kazi yako, sema mapema mkono wako umepaka nini. Aibu yake ni ya kicheko kimoja tu. Ukificha, wenzako watajenga hesabu zao juu ya samli yako wakidhani ni nyota. Mungu akujalie mikono safi, na siku mikono hiyo itakapokuwa michafu, akujalie ulimi wa mama mkwe wangu.

Kijana alipoinama kutoka, jiwe limefungwa kifuani, mama alimtakia njia njema, akaurudisha mlango taratibu nyuma yake.