Kinga Iko Chini

Mtu wa Uvira huita baiskeli kinga. Rafiki yangu aliponiambia mara ya kwanza, "Nimepata kinga," nilimuuliza ya ugonjwa gani. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Wewe Mtanzania! Kinga njo hii unapanda!"

Yeye alifanya kazi ghalani Mesquite. Mimi niliandika riwaya isiyokwisha. Jumapili, akitoka kanisani, tulipanda baiskeli mashariki mwa Dallas, kwenye njia ya lami iliyokuwa reli. Vyuma viling'olewa zamani. Zimebaki kona pana zilizokatwa kwa ajili ya treni, daraja juu ya kijito, na ghala la pamba ambalo sasa ni nyumba za kupanga, maua madirishani. Nilikuwa nikitafuta majina ya watu weusi waliobeba pamba pale. Sikupata hata kibao kimoja.

"Na ghala ya kwetu ya Mesquite siku moja batageuza manyumba ya batajiri," alisema. "Habatajua nani alibeba."

Mwaka 2020 ofisi zilifungwa. Ghala lake halikufungwa. Jumapili moja alitoka peke yake, kwa kuwa mimi niliogopa hata hewa. Wiki hiyohiyo ujumbe wake ukaja kutoka hospitali: "Kinga iko chini. Unisaidie, ndugu."

Mwaka mzima nilikuwa nimelitania neno lile, lakini siku ile woga ndio ulionisomea. Niliona kinga ya mwili. Nikamwandikia tangawizi, malimau, jifukize, tunakuombea. Hakujibu tena.

Tulimzika kwa simu, kila mtu na kioo chake. Baadaye mkewe akanipigia.

"Shemeji, ile kinga ulitoa? Pumzi ilimkatikia kule njiani, akaifunga chini ya daraja. Alikuwa anaiuliza paka mwisho."

Nilikwenda mchana uleule.

Kijito kilikuwa kimefurika na kupungua. Baiskeli ilikuwepo, mnyororo kwenye nguzo ya daraja, tope kavu limefika usukani. Ufunguo ulikuwa umepotea na suruali yake hospitalini. Nilivuta, nikapiga kufuli kwa jiwe, haikufunguka. Basi nikachutama, nikaanza kubandua tope kwa kucha, nikianzia kwenye kengele. Juu yangu watu walipita na baiskeli zao, wakipiga kengele za kwao.