Waya wa Kuzimia

Fundi Kumi-na-Nne alipewa jina hilo kwa sababu kazi yoyote, iwe pikipiki, jenereta au mashine ya kusaga, huianza kwa kunyoosha mkono nyuma na kusema, "Nipe kumi na nne," hata kama nyuma yake hakuna mtu wa kumpa spana. Ni fundi mzuri. Hilo hata wasiompenda wanalikubali. Lakini mwulize yeyote mtaani anakoishi, utajibiwa, "Fundi? Si yule anakaa kwa Nahodha!" Nahodha amekufa miaka sita sasa. Fundi amemwoa mjane wake, ana mwaka wa tatu ndani ya nyumba ile, amebadilisha mabati mawili na kitasa cha mlango wa mbele, amepaka rangi ukuta wote wa barabarani kwa mkono wake mwenyewe, na bado ni kwa Nahodha.

Wapo wanaosema wivu ni wa wanawake. Hao hawajamwona mwanamume anayemwonea wivu marehemu. Mwenzio akiwa hai utakutana naye barabarani, utamwona kitambi kimemtoka na meno yamepungua, roho yako itatulia. Marehemu hazeeki. Hakoromi, hapandishi sauti, hasahau kufunga bomba. Fundi alikuwa na kinyongo na mtu ambaye hakuwahi hata kumpa mkono, na kinyongo hicho kilikuwa na makao yake: kona ya chumba cha kulala, upande wa dirishani, ilikosimama mashine ya boti ya Nahodha.

Nahodha alikuwa akivusha abiria. Alipoanza kuugua, kabla hajalala yeye kitandani, aliilaza kwanza mashine yake. Aliifungua kwenye boti, akaileta nyumbani, akaisimamisha kwenye kigoda cha mbao alichokichonga kwa ajili hiyo, akaifunika kwa shuka lenye maua ya buluu. Shuka lile lilikuwa na foronya zake. Foronya hizo ndizo alizokuwa akilalia fundi kila usiku, naye kila akigeukia dirishani aliyaona maua yale yale yamemkalia mwenzake pale konani.

Ijumaa jioni mkewe, ambaye ni mshonaji na chumba cha mbele chote amekijaza vitambaa, alinyanyua kichwa kutoka kwenye cherehani.

"Fundi wangu, shemeji anakuja kesho. Nataka akute mashine inawaka."

"Mashine gani?"

"Ya marehemu. Kwani humu ziko ngapi?"

Shemeji huyo ni mdogo wake Nahodha, anayefanya kazi mji mwingine, mwendo wa nusu siku kwa basi. Akili ya fundi ikamchorea picha nzima papo hapo: mashine inanguruma uani, mkewe na shemeji wamekaa kwenye benchi wanafutana machozi, wanakumbushana habari za Nahodha, na yeye amesimama pembeni kashika tambara kama kibarua anayengoja kuambiwa aende. Angeuliza shemeji anakuja kufanya nini, angejibiwa. Lakini mwenye wivu hana kawaida ya kuuliza. Anajiuliza, anajijibu, halafu anakasirikia jibu.

"Nitaiangalia," akasema.

Asubuhi aliibeba hadi uani, akaifunga kwenye ubao mnene aliougongomea kati ya nguzo mbili, mguu wake wenye propela ukazama kwenye pipa la maji. Mashine ya boti hupozwa na maji. Ukiiwasha kavu umeiua. Wazo hilo la kuiua lilimpita kichwani, akalifukuza, halikwenda mbali.

Alitumaini pistoni zimekamatwa na kutu. Miaka sita si mchezo. Akaondoa kifuniko, akaweka viganja kwenye gurudumu la juu na kulizungusha. Likazunguka laini kabisa. Alipofungua plagi akaelewa: Nahodha alikuwa amemimina oili ndani ya silinda kabla ya kuifungia, na chuma kilikuwa kinang'aa utadhani kimefutwa jana. Akafungua kabureta akitegemea kukuta petroli ya zamani imegeuka gundi. Kavu, safi. Yule bwana alikuwa ameimwaga yote. Kila boliti lilikuwa limepakwa grisi, kila moja likafunguka bila ubishi.

"Hakuwa fundi," akanung'unika. "Alikuwa mwendesha boti tu."

Akaanza kutafuta kosa la marehemu kama polisi. Akakuta gaskiti moja ya kuziba kati ya vyuma, ya kienyeji, imekatwa kwa kadibodi ya boksi la viatu, akafurahi. Akaiweka juu ya chuma ili auone upungufu wake. Ilikaa sawasawa, tundu kwa tundu. Usione vyaelea, vimeundwa. Na huyu aliunda hata visivyoonekana. Fundi aliona haya, kisha haya ikageuka hasira. Kumpenda mwanamke aliyependwa na mwingine kabla yako ni jambo moja. Kukuta huyo mwingine alikuwa na mkono mzuri kuliko wako, tena katika kazi yako, hilo ni jambo lingine kabisa.

Akabadilisha mpira wa mafuta uliopasuka, akachanganya petroli mpya na oili, akasugua plagi kwa msasa, akairudisha. Akashika kamba, akavuta. Kimya. Akavuta mara kumi, mara kumi na tano, jasho likimtiririka hadi kiunoni. Mashine haikukohoa hata kidogo.

Akatoa plagi, akaiegemeza kwenye chuma, akavuta tena huku ameikodolea macho. Hakuna cheche. Moto haufiki.

Hapo ufundi uliushinda nguvu wivu, maana fundi wa kweli hawezi kuacha swali likilala. Akafuata nyaya, mmoja mmoja, kwa kidole. Karibu na kitufe cha kuzimia alikuta waya mweusi umetafunwa na panya, shaba iko nje, imegusa mwili wa mashine. Kazi ya waya ule ni moja tu: ukibonyeza kitufe, moto unakimbilia kwenye chuma, mashine inazima. Sasa shaba ikiwa inagusa chuma wakati wote, ni sawa na mtu aliyebonyeza kitufe kile na kukataa kukiachia. Akauchomoa waya, akavuta kamba. Cheche ikaruka, ya buluu, nono, yenye mlio.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Mashine ilikuwa nzima.

Akainua macho. Dirishani mkewe alikuwa akishona huku akiimba kwa sauti ya chini, na tangu waoane fundi hakuwahi kumsikia akiimba. Anamwimbia nani? Basi akaurudisha waya mweusi mahali pake, shaba ikagusa chuma kama alivyouacha panya, akamwita.

"Mke wangu! Njoo uone kwa macho yako."

Mkewe akaja, utepe wa kupimia shingoni. Fundi akaegemeza plagi, akavuta kamba kwa nguvu zote.

"Umeona cheche?"

"Sijaona."

"Haina moto. Koili ya kuzalisha moto imekufa, na za aina hii hazipatikani tena."

Mkewe akaitazama mashine. Uso wake ukashuka, mabega yakashuka, na fundi akaona raha na maumivu kwa pamoja, asijue kipi kimetangulia.

"Basi," mkewe akasema. Akaingia ndani.

Njia ya mwongo ni fupi. Ya fundi haikufika hata mlango wa jiko, maana dirisha lilikuwa wazi na mkewe anapoongea na simu hupaza sauti kama anayemwita mtu ng'ambo.

"Shemeji, umefika wapi? ... Shuka hapo hapo urudi. Imekufa. ... Ndiyo, koili. Fundi kaihangaikia tangu asubuhi, maskini, kalowa jasho. ... Mimi nilitaka uichukue, mwenzio nimechoka kuikwepa kila nikitandika. Lakini utoke huko kote kuja kubeba chuma kibovu? ... Aa, kuitupa sitaitupa. Kitu cha marehemu nikitupe jalalani, watu watanionaje? Itabaki pale pale ilipo."

Fundi alisimama na spana mkononi. Alitaka mashine itoke. Mkewe naye alitaka itoke. Njia ya kutoka ilikuwa moja tu, iwake, na yeye ndiye aliyeiziba kwa mkono wake.

Akaurukia waya mweusi, akauchomoa. Akafunga plagi, akavuta kamba mara moja, mara mbili. Ya tatu mashine ikakohoa, ikapiga chafya, ikanguruma. Moshi mweupe ukajaa uani, maji yakachemka kwenye pipa, mabati yakatetemeka. Mkewe akatokea mlangoni na simu bado mkononi.

"Imewaka!" fundi akapiga kelele, akijitahidi kutabasamu.

"Zima tusikilizane!"

Akabonyeza kitufe. Mashine ikaendelea. Akabonyeza tena kwa nguvu, akabonyeza kwa kidole gumba. Mashine haikujali, maana waya wa kuzimia alikuwa ameuchomoa yeye, unaning'inia hapo mbele ya macho ya mkewe.

"Mbona haizimi?"

Kwa babaiko lake akang'oa mpira wa mafuta. Lakini kabureta ilikuwa imejaa, na mashine haina haraka ya watu. Wakasimama wakitazamana katikati ya ngurumo ile, dakika nzima na zaidi. Mkewe akautazama waya. Akamtazama mumewe. Mshonaji ni mtu wa kuona uzi umekatika wapi. Petroli ilipokwisha na uani kunyamaza, akauliza.

"Umejua tangu saa ngapi?"

"Saa nne."

"Na koili?"

"Nzima."

"Kwa nini, fundi?"

Angeweza kupata uongo mwingine. Alikuwa nao tayari, kuhusu unyevu. Lakini alichoka. "Niliona wivu."

"Wivu wa nani? Wa shemeji?"

"Wa marehemu. Nilidhani unataka kuisikia umlilie. Na ulikuwa unaimba."

"Nilikuwa naimba kwa sababu nimepata pa kuweka meza ya kukatia nguo!"

Akapiga simu tena, safari hii akiwa amesimama pale pale uani ili fundi asikie vizuri. Shemeji alikuwa ameshuka, akadaka basi la kurudi lililokuwa likipita, na nauli ya kugeuza tena hana. Jumatatu yuko kazini. Ruhusa nyingine ataipata mwakani, Mungu akipenda. Aiweke tu, ataifuata.

Mkewe akakata simu. "Mashine ikikaa mwaka mzima bila kuwashwa inakuwaje?"

"Inaharibika."

"Basi utaiwasha wewe. Kila mwezi. Ikiharibika hiyo, nitajua ni nani kaiharibu."

Fundi akaifungua ubaoni, maji yakichuruzika. Mkewe akashika upande wa mguu, yeye akashika kichwa chenye uzito, wakapita nayo jikoni, wakapita kwenye vitambaa, hadi konani upande wa dirishani. Walipoinama kuikalisha kwenye kigoda, nyuso zao zikawa karibu sana.

"Mimi nililia nikamaliza kabla hujaja," mkewe akasema. "Humu ndani anayelala na marehemu ni wewe."

Mkewe akaachia upande wake, akanyooka. Fundi alikuwa bado ameishikilia mashine.