Makala Iliyobaki Peke Yake

Kamati yetu ya kuchagua makala za kongamano la wahandisi ilikutana Muleba. Majina ya waandishi yalifichwa, na kanuni ilimtaka mwenye makala atoke nje ikijadiliwa. Ilipofika zamu ya makala ya kukausha kahawa, ambayo ni yangu na niliomba sana ipite, nikainuka.

"Kaa chini, Dokta!" mwenyekiti akanikemea. "Ukitoka tutajua ni yako."

"Nikikaa nitavunja kanuni."

Akafikiri huku akitafuna punje za akamwani, kahawa yetu ya kutafuna.

"Basi tutoke wote."

Tukasimama barazani, makala ikabaki mezani peke yake. Tuliporudi, mwenyekiti akauliza kama kuna aliyesikia pingamizi humo ndani. Hakuna. Ikapita.

Kwenye wasifu wangu nimeandika: ilipitishwa bila kupingwa.