Sauti ya Mama Lugano Kutoka Migombani

Kakao inapochacha chini ya majani ya mgomba, harufu yake huanza tamu kama tunda lililoiva kupita kiasi, kisha hugeuka kali na kupanda puani kama siki. Harufu hiyo ndiyo iliyotupokea, mimi na mdogo wangu Ipyana, jioni ya masika tulipoletwa kwa Mama Subi kule Ngonga baada ya kumzika mama yetu. Baba alikuwa ametangulia zamani. Mama Subi hakuwa ndugu yetu. Alikuwa mkulima wa mpunga na kakao aliyesali kanisa moja na mama, na watu wa ustawi wa jamii walipouliza nani anaweza kutulea, yeye ndiye aliyesimama. Mimi nilikuwa na miaka kumi, Ipyana minne. Mvua ilinyesha kama iliyolipwa kutoacha, vyura wakalia mashambani, nasi tukalala kitanda kimoja. Ipyana alikuwa na tabia ya kushika sikio langu. Bila sikio hakupata usingizi. Wahenga wanasema yatima hadeki, lakini yeye alilidekea sikio langu, na mimi sikumnyima.

Mtu wa kwanza kutuuliza tunaendeleaje, akangoja jibu, alikuwa Mama Lugano. Kwa msomaji ambaye hajaiona kazi yake, nieleze kidogo. Kijiji kilimchagua awatembelee watoto wanaolelewa na watu wasio wazazi wao, aone wanakula, wanasoma, wanatibiwa, na panapotokea jambo la kuwahusu, awasemee. Hakulipwa. Alikuja kwa miguu, matope yamempanda mpaka magotini, ananawa kwenye ndoo ya Mama Subi na kuketi na kila mmoja wetu peke yake. Alikagua vidole vya Ipyana asije akawa na funza, akamtania: "We Ipyana, hilo tumbo vipi? Umemeza sufuria na mfuniko wake?" Ipyana alifikiri, akajibu: "Mfuniko tu. Sufuria kameza dada." Mama Lugano alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge. Aliponiuliza mimi ninataka nini, nilimwambia sitaki kitu, ila tusitenganishwe. "Ndaga, mwanangu," alisema, neno letu la shukrani, kana kwamba nimempa zawadi. "Hilo nitalisema popote nitakapoitwa."

Mpunga ulipoanza kugeuka rangi, alikuja baba mdogo kutoka upande wa kwao baba, pwani ya ziwa kupita Lyulilo, mahali ambapo wakati ule hukufika ila kwa mtumbwi. Hakuwa mtu mbaya. Alileta samaki wakavu, alimshukuru Mama Subi kwa heshima zote, kisha akasema amekuja kumchukua mtoto wa kaka yake. Alimaanisha Ipyana. "Damu nzito kuliko maji," alisema. "Huyu wa kike atafuata baadaye. Nyumba yangu bado ndogo." Mama Subi alipinga, na shauri likapelekwa ofisi ya kijiji, likingoja afisa wa ustawi wa jamii aliyekuwa amehamishiwa kwetu karibuni kutoka Tanga. Mama Lugano alitupitia asubuhi ya kikao amevaa gauni lake la kanisani. Njiani alikuwa akirudia maneno yake kwa sauti ya chini, kama mwanakwaya.

Alikuwa ameshakaa kwenye benchi la mbele, nasi kwenye mkeka karibu naye, alipoingia baba mkwe wake. Mwenyekiti alikuwa amemwita yule mzee awe shahidi wa kijiji, na hakufikiria zaidi ya hapo. Mama Lugano alishusha uso, akajifunika kitenge kichwani, akatoka kwa mlango wa nyuma. Kwetu Wanyakyusa, hasa kwa watu wa umri wake, mke hakai chini ya paa moja na baba wa mumewe. Hamtazami, halitaji jina lake, wakikutana njiani yeye huingia vichakani mpaka mzee apite. Si chuki wala woga wa kupigwa. Ni heshima, na anayeivunja huaibisha nyumba nzima. Mzee naye alifungwa na heshima hiyohiyo. Kuinuka na kutoka kungekuwa kutangaza mbele za watu kwamba amemwona mkwewe. Akabaki anaitazama fimbo yake. Wenyeji wote walielewa, ndiyo maana hakuna aliyeona haja ya kusema lolote.

Ilipofika zamu ya Mama Lugano kusema, afisa alimwita, akatazama huku na huku.

"Yuko nje," Mwenyekiti alimjibu. "Kwenye migomba."

"Aingie basi."

"Hawezi, bwana."

"Anaumwa?"

"Ah, haumwi. Mkwe wake yumo humu." Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha kuona haya.

"Mkwe yumo, ndiyo nini? Mimi na mkwe wangu tunakula sahani moja!"

"Sahani moja!" mama mmoja nyuma alishangaa. "Na kijiko je?" Ofisi nzima ikaangua kicheko, hata afisa, na katika kicheko hicho shauri letu likapoteza uzito wake. Mama Subi alitoka mbio, akarudi na maneno. "Anasema hawa watoto wasitenganishwe. Anasema huyu mdogo akiondoka sasa, atamsahau dada yake." Afisa alitikisa kichwa kwa upole. Alisema maneno ya kubebewa hayamsaidii, angependa kumuuliza mwenyewe. Akangoja. Kupitia dirishani nilikiona kitenge cha Mama Lugano kati ya majani, ameupa ukuta mgongo, hasogei. Mimi nilikuwa pale, ninalijua jibu la kila swali, lakini enzi zile mtoto hakuulizwa. Waswahili husema asiyekuwapo na lake halipo. Baba mdogo akapewa Ipyana.

Siku ya kuondoka, Ipyana alidhani tunasafiri wote. Mama Lugano hakujitetea. Alianza kwenda soko la Lyulilo, ambako vyungu na samaki hufika kwa mitumbwi, akiwauliza wauzaji habari za mtoto. Alikwenda kwa nauli yake, na baada ya mavuno ya mwaka uliofuata alinichukua. Ipyana aliletwa sokoni na mke wa baba mdogo, amenenepa, ana shati jipya. Alijificha nyuma ya mama yule. Nilipomwita, alinisalimia kwa Kikisi, lugha ya pwani ile, kwa adabu, kama anavyosalimiwa mgeni. "Usilie mbele yake," Mama Lugano alininong'oneza. "Cheka, mwanangu. Akuone ukicheka." Nikacheka. Sijawahi kufanya kazi ngumu kuliko ile.

Leo kazi ya Mama Lugano ninaifanya mimi, na mengi yamekuwa mepesi. Baba mkwe wangu hunipigia simu kuniuliza bei ya kakao. Katika vikao vyetu mtoto huulizwa mwenyewe, na nawasihi wenye moyo wajitolee, kwa sababu mtoto hukumbuka aliyemuuliza. Lakini sitadanganya. Karibuni niliwasemea watoto wawili wa kike wa Mwaya. Niliingia, nikaketi mbele, nikasema yote, wakanisikiliza bila kunikatiza. Haikupatikana nyumba ya kuwapokea wote wawili, wakagawanywa.

Ipyana sasa ni baba wa watoto, anavua ziwani. Mama Lugano alihakikisha kila mmoja wetu anajua mwenzake yuko wapi, na kwa hilo ninamshukuru kila siku. Tunapigiana simu. Ananiita dada, anauliza afya, anauliza mpunga, ananishukuru kwa kupokea, nami namshukuru kwa kupiga. Wanangu mimi hununiana, hunyang'anyana blanketi, hutupiana maneno makali, na asubuhi hula sahani moja. Mimi na Ipyana hatujagombana hata mara moja. Hatujuani kiasi hicho.