Kiatu cha Mpiga Besi

Mpiga besi wa bendi hii ya Oakland, inayofufua swingi, muziki wa kucheza wa enzi za babu zao, huja studio kama anayekwenda kuoa: suti ya mistari, kofia, na viatu vya rangi mbili vyenye soli ngumu. Kila siku Corinne, fundi wa kurekodi, humwambia kwamba kwenye albamu suti haionekani. Kila siku yeye hupangusa viatu kwa leso, hulikumbatia besi lake lililomzidi kimo, kisha kiatu cha kulia huanza: ko, ko, ko. Maikrofoni hunasa yote.

"Kaka, hicho kiatu kitaniua!"

"Kiatu gani tena, dada?"

Leo Corinne amemvua viatu. Mpiga besi akapiga kwa soksi, uso umemshuka kama mfiwa, bila kukosea popote, na wapiga tarumbeta wakamfuata kwa adabu za kanisani. Corinne akaisikiliza rekodi: safi kabisa, na imekufa fofofo.

"Vaa!" akafoka. "Na usinichekee!"

Akachomoa maikrofoni nzuri kuliko zote, akapiga magoti huku akisonya, akaielekeza kwenye kiatu.